Kaniki za Mtaa wa Kichwele

Mauwa aliteguka kifundo cha mguu katikati ya mazoezi, mbele ya kila mtu, na hivyo ndivyo kazi ya kwenda mjini kutafuta sare ilivyomwangukia Adelina.

Haikuwa kazi ya kumpa mtu yeyote tu. Wiki ile Tanganyika nzima ilikuwa ikijiandaa kwa Uhuru, na kikundi chao cha ngoma ya sindimba cha Temeke kilikuwa kimepewa nafasi katika maandamano ya ngoma. Bendera ikishapandishwa, kesho yake ngoma zote za mji zingekusanyika Ilala na kuteremka na Mtaa wa Kichwele, mtaa wa maduka, mpaka Mnazi Mmoja. Wao wote walikuwa wanawake wa kusini: Wamakonde, Wamwera na Wayao, wengine wa kanisani, wengine wa msikitini, waume zao makuli wa bandarini na wachonga vinyago. Hawakuwahi kucheza popote nje ya viwanja vya Temeke.

"Aende Adelina," alisema Mauwa, kiongozi wao, akiwa ameketi mkekani na mguu ameuloweka kwenye beseni la maji ya chumvi. "Si ndiye aliyesema khanga nilizochagua mwaka jana zilifanana na mapazia ya hospitali? Haya. Nenda kachague mwenyewe, mwanangu, na sie tuone."

Wanawake wakaangua kicheko. Adelina naye alicheka, ila moyo ulimwenda mbio. Alikuwa mwanamke wa kutoka Newala, mke wa Polikarpo mchonga vinyago, na kwa miaka yote aliyokaa Temeke mji aliujua kama mtu anavyoujua uchochoro: kuingia na kutoka. Alikwenda Kariakoo, akanunua alichotumwa, akarudi. Mashavuni alikuwa na nembo alizochanjwa angali msichana, na huko mjini watu walizikodolea macho, hata akazoea kutembea khanga ameivuta mpaka chini ya macho.

Asubuhi yake alifunga fedha za kikundi kwenye pindo, akashuka kwenye basi Mnazi Mmoja, akaanza Kichwele upande wa mwanzo.

Hakupata kuuona mtaa ukiwa vile. Taa za rangi zilikuwa zimefungwa kutoka paa hadi paa. Barazani mwa kila duka majora ya vitambaa yalisimamishwa kama walinzi, na juu yake khanga zilining'inia kwa wingi hata ukitaka kuingia ilibidi uzifunue kama unayeingia ndani ya chumba cha mtu. Redio tatu au nne zilipiga kwa pamoja, kila moja wimbo wake. Wauza kahawa walipita wakigonganisha vikombe. Watu walijaa mpaka katikati ya barabara, na madereva walikuwa wamekata tamaa ya kupiga honi.

Khanga aliyoitaka ilikuwa moja tu. Ilikuwa na picha ya mwenge katikati, na mji mzima ulikuwa umeipenda kwa mkupuo mmoja.

"Za mwenge zimekwisha, mama," alisema mwenye duka la kwanza.

La pili walikuwa na doti mbili. La tatu walikuwa na chache za mwenge mwekundu na chache za mwenge wa bluu, wakamshauri achanganye. Adelina akakataa. Sare ni sare. Ukichanganya, umevaa nguo tu.

Kwenye duka kubwa la kona alimkuta mtu anayemfahamu. Demetria, mke wa karani mmoja wa serikali, kwao Bukoba, alikuwa mkuu wa kikundi cha wanawake wa Kinondoni. Walikuwa wameonana kwenye kikao cha kupanga maandamano. Demetria alikuwa amesimama barazani, na nyuma yake wachukuzi wawili wakitoa mafurushi ya khanga. Za mwenge, zote.

"Dada Demetria, habari za tangu siku ile?"

"Nzuri. Ah, wewe ndiye wa Temeke." Demetria alimtazama, akatazama mafurushi yake, akatabasamu. "Umechelewa, shoga. Sie tulishaweka oda mwezi uliopita. Sasa nyie wa kusini mtavaa nini? Au mtakuja na nembo zenu tu?"

Watu wawili watatu waliokuwa karibu walicheka. Adelina alihisi uso ukimchoma chini ya khanga. Akaaga kwa adabu kama alivyofunzwa na kuondoka. Jibu lilimjia alipokwisha kuvuka barabara, na kwa vile lilikuwa jibu zuri sana, lilimwuma zaidi.

Lakini hakurudi nyumbani. Hilo ndilo ambalo Polikarpo, alipokuja kusimuliwa baadaye, alilipenda kuliko yote. Alisimama chini ya paa la duka la viatu, akavuta pumzi, akajiambia kwamba mtaa una maduka mengi kuliko midomo ya Demetria.

Akauingia Mtaa wa Msimbazi. Akakata Mtaa wa Kongo, akatokea wa Sikukuu, akazunguka sokoni, akaja Mtaa wa Swahili. Alikwenda kwa Wahindi na kwa Waarabu, akaingia maduka ya mbele na maduka ya uani ambako unapita kwanza jikoni kwa watu. Joto lilikuwa kali, na baada ya muda alichoka kushikilia khanga usoni, akaiacha ianguke begani. Wachache walimtazama, naye akawatazama, na mambo yakaishia hapo. Fundi saa mmoja alimsalimu kwa Kimakonde, wakaulizana habari za Newala. Muuza halua alimwonjesha kipande cha moto kwenye jani la mgomba. Aliona duka la mabaibui, na duka ambalo halikuuza kitu ila vifungo, vifungo vya kila rangi, kwenye mitungi ya vioo kama peremende. Miaka yote ile alikuwa akipita pembeni mwa haya yote ameinamisha kichwa! Kuna saa alijisahau kabisa kwamba ametumwa.

Khanga ndiyo hakuipata. Sokoni, mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya mafungu mafungu alimhurumia.

"Mwanangu, unazunguka hapa hapa kama kuku. Umefika Ilala? Umefika Buguruni? Kichwele haiishii Kariakoo. Ifuate."

Adelina akaifuata. Mtaa ulipopita Ilala ulianza kuvua mapambo yake. Maghorofa yakawa nyumba za udongo, taa za rangi zikakoma, maduka yakawa madogo yenye mafuta ya taa mlangoni na majembe yaliyofungwa kwa kamba. Buguruni, pale njia ya Pugu inapoanza, malori ya kutoka mashambani yalikuwa yakishusha mihogo na nazi, na wanawake wa Kizaramo walipita na mizigo kichwani bila kuishika. Duka la mwisho lilikuwa la mzee Mwarabu wa Kishihiri mwenye ndevu nyeupe.

"Shikamoo, mzee. Una khanga za mwenge?"

"Marahaba. Mwenge hapa haukufika, binti yangu. Mie ninazo hizi tu." Akaonyesha nyuma yake. Zilikuwa kaniki, marundo kwa marundo, nyeusi tii, zimepanda mpaka karibu na dari. "Nilizileta kwa ajili ya watu wa mashamba. Wiki hii hakuna hata anayezitupia jicho. Kila mtu anataka maua."

Adelina alizigusa kwa sababu mkono ulikwenda wenyewe. Nguo ya mama yake ilikuwa hii. Alipalilia nayo, alitwanga nayo, aliwafunga watoto wake mgongoni nayo, na harufu ya rangi yake ilikuwa harufu ya nyumbani. Adelina mwenyewe alifika Dar es Salaam na kaniki mbili, na wiki hiyo hiyo jirani alimvuta kando akamwambia azifiche: huku mjini kaniki ni nguo ya mshamba.

"Nyuzi nzuri," alisema.

"Nzuri sana," alisema mzee. "Ila si za sherehe."

Akashukuru, akatoka.

Alipofika Ilala akirudi, mvua ya vuli ikamwagika yote mara moja, akakimbilia kwenye baraza ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa ya fundi cherehani, Mzaramo mnene aliyeitwa Mwishehe, aliyekuwa akishona kwa haraka bila kuinua kichwa. Pande zote vitambaa vilimzunguka: vya kijani, vyeusi, vya manjano.

"Karibu, dada, jikinge. Samahani, siwezi kukupa kiti, viti vyote vimekaliwa na bendera."

Kweli zilikuwa bendera, za kupeperusha mkononi, na moja kubwa ya kutundika ukutani. Adelina hakuwahi kuiona kwa karibu. Aliiangalia: kijani juu, kijani chini, katikati weusi umebanwa na mistari miwili ya manjano.

"Fundi, nasikia kila rangi ina maana yake."

"Ndiyo. Kijani ni ardhi na mashamba. Hii ya manjano ni dhahabu, mali ya nchi."

"Na nyeusi?"

Mwishehe akasimamisha cherehani, akajipiga kifuani. "Nyeusi ni sie wenyewe, dada. Watu."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo. Adelina aliushika ule ukanda mweusi wa katikati, akausugua kwa kidole gumba na cha shahada. Nyuzi zile zile. Weusi ule ule. Kabla hajajua kwa nini, alikuwa amekwisha kucheka kwa sauti.

"Fundi, hii nyeusi si kaniki hii?"

"Ni kaniki. Ningepata wapi nyeusi nyingine wiki hii?"

"Unaweza kunishonea utepe wa manjano kwenye mapindo ya kaniki za kikundi kizima? Na vilemba vya kijani?"

"Dada, mie na bendera hizi nitalala hapa hapa barazani. Siwezi."

"Nikikuletea wanawake wakakukunjia mapindo ya bendera zote kwa mkono, wewe ukabaki na cherehani tu?"

Mwishehe akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wanawake wanaojua sindano?"

"Wanawake wa Temeke."

"Walete," alisema Mwishehe. "Lakini kaniki zenyewe ziko wapi?"

Hakupata jibu, maana Adelina alikuwa amekwisha kutoka. Alikimbia mpaka Buguruni katikati ya mvua, viatu mkononi, khanga imemganda mwilini, na wenye maduka walisimama milangoni kumshangaa. Mzee wa Kishihiri alikuwa akiweka komeo.

"Usifunge, mzee!" alipiga kelele toka mbali. "Nipe kaniki! Nipe zote unazoweza kuteremsha!"

Kazi iliyobaki ilikuwa Temeke, nayo haikuwa ndogo. Jioni, uani kwa Mauwa, alifungua furushi mbele ya kikundi kizima. Mama mmoja aliokota pembe ya kaniki, akaiachia.

"Adelina," alisema Mauwa polepole. "Nimekutuma sare, umetuletea msiba?"

"Watatucheka," alisema mwingine. "Wenzetu wote na khanga mpya, sie na nguo ya kulimia."

"Mama Mauwa, naomba ruhusa nikuonyeshe."

"Nionyeshe nini? Kaniki siijui? Nimezaliwa ndani yake."

"Ndiyo maana," alisema Adelina.

Akaingia ndani. Alipopita tena Ilala na furushi, Mwishehe alikuwa amemshonea moja ya kuonyesha, na sasa aliivaa: kaniki imefungwa juu ya kifua, utepe wa manjano ukizunguka juu na chini, kilemba cha kijani kichwani, kitambaa cha kijani kiunoni pale ambapo sindimba yote inatokea. Akatoka uani. Polikarpo alikuwa ameegemea ukuta na ngoma yake. Alimwona mkewe, akaacha kutafuna, na bila kuambiwa akaipiga.

Adelina alicheza. Hakueleza kitu, alicheza tu. Kwenye kaniki, kila mtikiso wa kiuno ulionekana kama mwali wa moto kwa sababu hapakuwa na maua ya kuuficha, na ule mstari wa manjano uliruka juu ya weusi kama cheche. Alipozunguka, mama mmoja alitamka kwa sauti ya chini, "Jamani, ni bendera." Mwingine akarudia kwa sauti kubwa, "Ni bendera!"

"Wanasema weusi wa katikati ndio watu," alisema Adelina akihema. "Basi hao watu walivaa nini siku zote wakilima? Mama zetu walivaa nini?"

Mauwa akainuka, akachechemea mpaka kwenye furushi, akachagua kaniki ya juu na kuifunga palepale juu ya gauni lake.

"Kesho sote Ilala kwa huyo fundi," alisema. "Asiyejua sindano aje kupika chai."

Wakaenda. Baraza ya Mwishehe ilijaa mpaka barabarani, wanawake wakikunja bendera na kuimba, fundi katikati yao akishona jasho likimtoka na akijibu mizaha yao mmoja baada ya mwingine. Bendera zilikwisha kabla ya wakati wake, na kaniki zikakwisha nyuma yake tu.

Siku ya maandamano jua lilitoka safi. Ilala palikuwa na ngoma nyingi hata ardhi ilitetemeka miguuni. Hapo ndipo Adelina alipoona jambo ambalo hakulitegemea. Wanawake wa Kinondoni walikuwa wamevaa khanga za mwenge. Wa Magomeni walikuwa wamevaa za mwenge. Wa Mwananyamala, wa Kigogo, wa Ilala wenyewe, wote mwenge. Walikuwa wamechanganyikana hata wasimamizi walikuwa wakipiga kelele na vipaza sauti bila kujua nani wa wapi. Demetria alikuwa akiwakimbilia watu wake akiwavuta mikono, na mara mbili alimvuta mtu wa Magomeni.

Temeke waliwekwa mwisho kabisa. Mauwa, ambaye mguu wake bado haukumkubali, alikuwa amekataa katakata kubaki nyumbani. Polikarpo alikuwa amemkodia mkokoteni wenye mapambo ya makuti, naye alikaa juu yake kama sultani, na kaniki yake mpya. Alivua filimbi shingoni akamkabidhi Adelina.

"Mie nitapiga vigelegele. Wewe waongoze."

"Mie, mama?"

"Mtaa si umeutembea wewe? Tupeleke."

Wakaingia Kichwele. Kwanza Adelina hakusikia kitu ila ngoma za mumewe na wenzake. Watu walikuwa wamejipanga barazani, juu ya mapaa, madirishani, wamekwisha kuchoka kushangilia, na wengine walianza kuondoka wakidhani mambo yamekwisha. Halafu wakauona ule mstari mweusi ukija, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa barabara, na manjano yakimulika, na kijani juu kama shamba la mihogo wakati wa mvua. Waliokuwa wakiondoka wakasimama. Kwa pumzi moja mtaa ule, wenye redio zile zote, ulinyamaza.

Adelina akapuliza filimbi. Viuno vyote vikaitika mara moja.

Kelele iliyopasuka ilikuwa ya aina ambayo mtu haisikii kwa masikio, inampiga kifuani. "Bendera! Bendera!" watu walipiga kelele. Wenye maduka walitoka nje, wakamwaga mchele na maua juu yao. Mtu mmoja juu ya paa alivua kofia akashindwa kuirudisha kichwani. "Hawa wa wapi?" waliulizana, na kila walipouliza Mauwa alijibu kutoka kwenye mkokoteni kwa sauti iliyofika mpaka mtaa wa Gerezani: "Wa Temeke! Wa kusini, wa Temeke!"

Karibu na Msimbazi, bibi mmoja mzee alikuwa amesimama nyuma ya umati, amekuja na lori la kutoka mashamba ya Kisarawe, kaniki yake imechuja kwa kufuliwa. Alikuwa amejikunyata ili watu wenye nguo mpya wasimguse. Alipouona mstari ule, aliangalia nguo yao, akaangalia ya kwake. Kisha akapenya katikati ya watu, akaweka kapu lake chini, akaingia barabarani akicheza. Adelina alimshika mkono akamweka mbele kabisa. Na hapo wakaanza kutoka wengine, kutoka kila uchochoro: wauza mihogo, wachukuzi wa maji, mayaya, wanawake waliokuwa wamesimama nyuma kwa sababu ya nguo zao. Walipofika Mtaa wa Kongo mstari ulikuwa umeongezeka mara mbili, na wote ni kaniki tupu, na wote wanacheza.

Mnazi Mmoja, msimamizi wa maandamano alikuja mbio, shati limelowa jasho.

"Nyie wa Temeke! Watu hawataki kuondoka. Mnaweza kupita tena?"

"Kurudi tulikotoka?" aliuliza Adelina.

"Mtaa mzima. Mkiweza mpaka Ilala."

Demetria alikuwa amesimama kando, khanga yake ya mwenge imemteleza, anajipepea. Alisogea karibu.

"Dada Adelina," alisema, na safari hii hakutabasamu kwa upande mmoja. "Kaniki hizi mmezipata wapi?"

Adelina alilikumbuka lile jibu zuri alilokosa mbele ya duka la kona. Lilikuwa bado liko palepale, kali kama wembe. Akaona halina kazi tena.

"Buguruni, duka la mwisho," alisema. "Lakini sasa hivi hakuna haja. Funga khanga yako kiunoni, uingie mstarini. Nafasi iko."

Demetria alisita, akatazama kushoto na kulia, akafunga.

Adelina akageuza uso kuelekea walikotoka. Mbele yake Kichwele yote ilikuwa imefunguka, imejaa watu mpaka macho yanapokoma, wakipiga makofi kumngojea. Juu ya mkokoteni Mauwa aligonga ubao kwa kisigino cha mguu mzima.

"Tusiishie Ilala!" alipaza sauti. "Yule mzee wa Buguruni naye atuone!"

Polikarpo akainua mikono yote miwili, akaishusha juu ya ngoma, na Adelina akapuliza filimbi.